Jeraha la Meno

Mgeni aliletwa Jumapili mchana, nyumba ikiwa bado inanuka sabuni ya kudekia. Mpelelezi alimpitisha mlango wa nyuma, akamvutia kiti cha jikoni, kisha akamwita mkewe kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Mama, hebu njoo mara moja na kile kisanduku chako cha dawa."

Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume katika hospitali ya serikali, na kisanduku hicho kilijulikana kambi nzima ya polisi. Mtoto akichubuka goti, mke wa askari akiungua mafuta, hodi ilikuwa hapo hapo. Kwa hiyo alikuja bila wasiwasi, mikono ikiwa bado na maji, mpaka alipomwona aliyeketi.

Alimjua kwa sura. Watu walimwita Bubu, kwa kejeli, maana mdomo wake haukujua kufungwa, na nusu ya waliokuwa gerezani walitiwa humo na ulimi wake. Alikuwa mtu wa magenge, na papo hapo alikuwa mtu wa polisi. Mwizi hukamatwa na mwizi mwenzake, mpelelezi alikuwa akisema, na kwa habari za Bubu alikuwa amepanda vyeo viwili. Ila hakuwahi kumleta nyumbani.

"Shemeji, habari za Jumapili?" Bubu alitabasamu. Mkono wa kulia ulikuwa umeviringishwa fulana iliyokauka damu. "Mbwa, shemeji. Mbwa wa watu amenivunjia heshima."

Muuguzi aliilowesha fulana, akaibandua taratibu. Chini ya kidole gumba meno yalikuwa yamezama juu na chini, yakaacha nusu duara mbili zinazotazamana. Alikuwa amesafisha majeraha mengi ya mbwa. Mbwa huchana. Huyu hakuchana, alishika, akakataa kuachia.

"Huyo mbwa wako anavaa suruali," alisema.

Bubu alicheka mpaka akakohoa. Mpelelezi hakucheka.

"Funga tu, mama."

"Ni mtu gani huyu aliyeng'ata mpaka hapa?"

"Nimesema funga."

Mama mkwe, mzazi wa mpelelezi aliyekuwa akiishi nao, aliingia na beseni la maji ya uvuguvugu. Alimwona kijana wa watu anavuja damu, naye roho yake ilikuwa laini kwa vijana wa watu. "Pole, mwanangu. Ajali haina kinga," akasema, akamshikia beseni kwa mikono yake miwili.

Jeraha la meno halishonwi. Huoshwa, likaachwa lipumue. Muuguzi aliosha, akapaka dawa, akafunga. Bubu aliinua mkono mweupe ule kama mtu aliyevishwa nishani.

"Mungu akuzidishie, shemeji. Nitarudi ubadilishe kitambaa, au siyo, Afande?"

Mpelelezi alitazama sakafu iliyokuwa haijakauka. "Atarudi," akasema.

* * *

Jumatatu asubuhi kitanda cha karibu na dirisha kilikuwa na mtu mpya. Taya lake lilikuwa limevunjika na kichwa kimefungwa kitambaa kutoka utosini mpaka kidevuni, kama mzigo uliofungwa na mtu mwenye haraka. Alikuwa mlinzi wa ghala la vifaa vya umeme. Genge lilikuwa limeingia alfajiri ya Jumapili na kuondoka na gari zima la mali.

Mkewe aliketi kando ya kitanda ameshikilia viatu vya kazi vya mumewe mapajani, kana kwamba vingeweza kutembea vikaondoka.

"Sista, ataweza kula?" akauliza.

"Kwa mrija, mama. Watamfunga waya kwenye meno hadi mfupa uunge."

"Na hizo waya?"

"Zinanunuliwa nje. Hapa zimekwisha." Muuguzi alisema hivyo jinsi alivyosema kila siku.

Mpelelezi alifika kabla ya saa sita, kalamu mfukoni, viatu vimeng'arishwa. Kesi ilikuwa yake. Alimwona mkewe amesimama na trei ya sindano, akamwambia, "Habari ya kazi, Sista," kama wanavyosalimiana watu wasiojuana. Naye akajibu, "Nzuri, Afande." Hawakuwa wamepanga. Ilitoka tu, na kutoka kwake kirahisi ndiko kulikomtisha.

Mlinzi alizungumza kwa shida, herufi zikimponyoka. Walikuwa wanne. Walijifunga vitambaa usoni. Walikuwa na ufunguo, geti halikuvunjwa. Alipomrukia mmoja wakamwangusha.

"Sura hukuiona," mpelelezi alisema.

"Sikuiona. Lakini nilimng'ata." Mlinzi aliinua mkono wake mwenyewe, akaonyesha chini ya kidole gumba. "Hapa. Sikuachia. Ndiyo maana walinipiga taya, ili niachie. Mtafuteni mtu mwenye jeraha la meno, Afande. Mtampata tu."

Mpelelezi alishika kalamu juu ya karatasi. Muuguzi, aliyesimama nyuma ya bega lake, aliitazama ile kalamu. Haikushuka.

"Tutalifanyia kazi," mumewe alisema, akafunga jalada.

Alipoondoka, mke wa mlinzi alimvuta muuguzi mkono. Uso wake ulikuwa umepata nuru kidogo. "Sista, mtu aliyeng'atwa hivyo si lazima atafute tiba? Atakuja hospitali. Na ninyi mkimwona mtatuambia, eti?"

"Tutawaambia," muuguzi alisema.

Akaenda kwenye chumba cha kuoshea vyombo, akafungua bomba, akasimama pale maji yakimwagika bure.

* * *

"Unajua kabla ya Bubu tulikuwa tunaokota maiti ngapi mitaani?" mpelelezi alimuuliza jioni. Walikuwa mezani, chakula kinapoa. "Amenipa majambazi wenye bunduki. Nikimfunga leo, kesho sina macho, sina masikio. Hiyo ndiyo kazi. Unamfumbia mmoja macho uwaone kumi."

"Na mali ya ghala?"

"Mali ya ghala ina bima."

"Na taya lina bima?"

Alisukuma sahani. "Ada ya mtoto shule ya bweni, unadhani ni mshahara wangu huu unaolipa? Friji hilo? Umewahi hata siku moja kuniuliza? Mkono mtupu haulambwi, mama. Ulikuwa unakula na ulikuwa unashiba."

Hapo alimpata. Muuguzi hakuwahi kuuliza. Friji lilipoletwa alishangilia, akalipangusa, akawaita majirani waje wanywe maji baridi. Aliweza kujiambia kuwa hakujua. Lakini asiyejua huuliza, na yeye alikuwa mwangalifu sana asiulize. Mama mkwe, aliyekuwa akila upande wa pili wa meza, alinyanyuka, akaondoka na sahani yake ikiwa nusu.

Bubu alirudi Jumatano, mchana kweupe, na katoni ya sabuni begani. "Zawadi ya bibi na shemeji." Alikaa kiti kile kile bila kukaribishwa.

Muuguzi alifungua kitambaa. Jeraha lilikuwa linapona vizuri. Kazi yake ilikuwa nzuri, na alitamani ingekuwa mbovu.

"Yule mzee ana meno ya kutafunia mawe," Bubu alisema kwa furaha. "Tulimwambia achia, baba, achia. Hataki. Mtu analipwa ujira wa kununua chumvi, anafia nyaya za tajiri! Hata akiwa chini, jamaa bado walikuwa wanamfundisha adabu."

"Mlimpiga akiwa chini?"

"Si mimi, shemeji. Mimi nilikuwa na mkono." Akauinua kama ushahidi.

Alimfunga. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alimfunga, tena kwa uangalifu ule ule, fundo likikaa upande usiokwaruza. Mikono ilikuwa imezoea. Sabuni aliiacha nje mlangoni, na asubuhi ilikuwa imekwisha kuingizwa ndani na mumewe.

* * *

Siku ya tatu baada ya hapo kampuni ya ulinzi ilituma mtu wodini. Alikuwa kijana mpole mwenye tai fupi, na aliona haya kwa kazi aliyotumwa. Mlinzi alikuwa ametiliwa shaka, alieleza, maana geti lilifunguliwa kwa ufunguo. Kwa hiyo mkataba umesimama, na mali ya kampuni irudishwe: shati, suruali, mkanda, filimbi na viatu.

Mke wa mlinzi alilitoa shati kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa chini ya kitanda. Lilikuwa gumu kwa damu. Alilitazama, akamtazama kijana.

"Naomba unisubiri kidogo nilifue," akasema. "Siwezi kurudisha nguo ya watu ikiwa chafu hivi."

Akalifua kwenye sinki la wodi, akiminya na kusuuza, maji yakienda mekundu, kisha ya waridi, kisha meupe. Muuguzi alimpa sabuni. Hakuna aliyemwambia kuwa lile shati lilikuwa na damu ya watu wawili.

Alasiri waliletwa askari wawili na pingu. Mkono mmoja wa mlinzi ulifungwa kwenye chuma cha kitanda. Sasa waya zilikuwa zimekaza meno yake na hakuweza kupiga kelele. Alitoa mlio wa puani tu, na wagonjwa wengine wakageukia ukutani. Akitaka haja ndogo ilibidi ashikiwe chombo, mkewe upande mmoja, askari akitazama upande wa pili na kupiga miayo.

Muuguzi alipokuja kumpima presha, mlinzi alimshika kiganja kwa mkono uliobaki huru.

"Sista," alisema kupitia meno yaliyofungwa. "Ulikuwepo. Niliwaambia nimemng'ata. Aliandika, sivyo? Uliona aliandika?"

"Niliona," alijibu.

"Alhamdulillahi," akasema mlinzi, akafumba macho. "Basi yamo."

* * *

Wakili wa msaada wa kisheria, binti aliyekuwa akibeba mafaili yake kwenye mfuko wa sokoni, ndiye aliyekuja na wazo. Kwenye maelezo ya polisi hakukuwa na neno lolote kuhusu kung'ata. Ikiwa Sista angefika mahakamani siku ya ombi la dhamana na kusema tu alichokisikia kitandani, hakimu angekuwa na sababu ya kumwachia mgonjwa akapone kwake.

"Neno moja tu, Sista," mke wa mlinzi alimwambia. "Hatutakuchelewesha."

Muuguzi alikubali. Siku ilipofika alivaa gauni lake la heshima, akakuta mumewe amesimama mlangoni na funguo za pikipiki mkononi.

"Ukisimama pale, mimi nimekwisha," alisema. Hakupaza sauti. "Sikutishi. Nakwambia tu. Na kambi hii tutatoka, na mtoto atarudi nyumbani. Kesi yenyewe itakufa, kesi za namna hii hufa. Mwache mzee wa watu avumilie kidogo, hiyo kesi ife yenyewe."

Alikwenda hospitali badala ya mahakamani. Alijitia stoo akakunja mashuka. Alipomaliza akayakunjua akayakunja upya. Mlinzi alinyimwa dhamana. Alipelekwa mahabusu na waya zake mdomoni, kwenye chakula cha maharage magumu ambacho hakukiweza.

Kesho yake mke wa mlinzi alikuja wodini. Muuguzi alimwona akitokea mlangoni, akajiandaa kutukanwa. Alitamani atukanwe.

"Nilikutafuta jana, Sista," mwanamke alisema. "Nikajua tu umebanwa zamu."

"Nilikuwa zamu."

"Najua. Kazi yenu ngumu. Pole na kazi." Akatoa kijikaratasi cha kuandikia kutoka kwenye sidiria. "Nilikuja kuuliza: mtu mwenye waya, uji ukiwa mwepesi sana, unaweza kumpa nguvu? Wananiruhusu kupeleka chupa moja."

Muuguzi alimweleza aongeze maziwa na mafuta kidogo. Alieleza vizuri, mpaka mwisho. Kisha akaenda kwa mkuu wa wodi akaomba ruhusa kwa sababu ya kuumwa kichwa, jambo ambalo halikuwa uongo.

Nyumbani alimkuta mama mkwe amekaa uani, mgongo kwa nyumba.

"Ni huyo mlinzi wanayemsema kambini?" bibi aliuliza bila kugeuka. "Yale meno mkononi mwa Bubu ni ya huyo mlinzi?"

"Ndiye, mama."

"Nilimshikia beseni," bibi akasema. "Nikamwita mwanangu. Na mwanangu mwenyewe amesimama hapo ananitazama." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sikuelekezi la kufanya. Mume ni wako, na mimi ndiye niliyemzaa. Lakini usiniambie tena ameenda kazini. Niambie ametoka tu."

* * *

Ombi lilirudiwa mahakamani baada ya wiki tatu. Safari hii muuguzi alitoka nyumbani kabla mumewe hajaamka.

Mahakama ilikuwa chumba kidogo chenye benchi za mbao na feni isiyozunguka. Mlinzi aliletwa amekonda, suruali ikishikiliwa kwa kamba. Mpelelezi aliketi mbele karibu na mwendesha mashtaka. Alipomwona mkewe akiingia, alimwinamia jirani yake amwambie jambo, kisha akarudi kuketi wima.

Wakili alimuuliza muuguzi kama alimsikia mgonjwa akisema amemng'ata mmoja wa wezi. Ndiyo, alimsikia. Kama afisa aliandika. Hapana, hakuandika; yeye muuguzi alisimama nyuma yake, aliiona kalamu. Hapo ndipo alipotakiwa kuishia. Wakili alikuwa tayari anaketi.

"Na mkono wenyewe nimeuona," muuguzi alisema.

Hakimu akainua kichwa. "Mkono upi?"

"Uliong'atwa. Niliufunga mimi. Jikoni kwangu, Jumapili ile ile. Aliletwa na mume wangu." Alinyoosha kidole, maana alihofia akitaja tu angeweza kulimeza neno. "Yule pale."

Chumba kikawa na zogo. Karani akapiga meza. Hakimu alimsubiri kila mtu anyamaze, akauliza polepole, si kwa ukali: "Mama, ulijua siku hiyo hiyo?"

"Jumatatu yake nilijua hakika."

"Na ombi la kwanza liliposikilizwa hapa, mshtakiwa akapelekwa mahabusu, ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema zamu. "Nilikuwa stoo," alisema. "Nakunja mashuka."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kifupi cha mshangao, kisha akajikatiza mwenyewe.

Mlinzi aliachiwa siku hiyo. Nje, kwenye ngazi, wakili alimpa muuguzi mkono wa pongezi, na wapita njia wawili wakasema mwanamke ana moyo. Mke wa mlinzi alipita karibu naye amemshika mumewe kwapani. Alisimama. 

"Ile pole niliyokupa," akasema, "naomba unirudishie."

Wakashuka ngazi.

* * *

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Kesi ya mlinzi iliondolewa. Bubu hakuonekana tena mjini. Baadaye alisikika mji mwingine, akimsaidia mpelelezi mwingine. Mume wa muuguzi alisimamishwa kazi kwa uchunguzi, na uchunguzi ulipochoka akahamishiwa kituo cha mbali cha mpakani, na cheo kimoja pungufu. Alifungasha nguo zake mwenyewe. Mlangoni alimwambia mkewe, "Ungeniambia kwanza," naye akajibu, "Ungeniambia kwanza wewe," na huko ndiko kukawa kuagana kwao. Mama mkwe alibaki na mkamwana. Walihama kambi wakapanga vyumba viwili, mtoto akaanza shule ya kutwa, na wale majirani waliokuwa wakija kunywa maji baridi wakawa wanavuka barabara wakimwona.

Mlinzi alifika kliniki kuondolewa waya, yeye na mkewe, asubuhi yenye watu wengi. Daktari wa meno alikuwa na mgonjwa mahututi, akatoa agizo waya zikatwe na muuguzi. Muuguzi aliyekuwepo alikuwa yeye.

"Tutamsubiri mwenzako," mke wa mlinzi alisema.

"Mwenzangu yuko likizo, mama. Ni mimi tu."

Mume na mke walitazamana. Mlinzi akapanda kwenye kiti, akaegemeza kichwa, akafumba macho.

Muuguzi alikata waya moja baada ya nyingine, akizivuta taratibu na kuziweka kwenye kibakuli. Fizi zilikuwa zimevimba. Mgonjwa alikuwa na pumzi ya njaa ya muda mrefu. Nyaya zilipobaki chache, mikono yake yote miwili ikiwa ndani ya kinywa cha yule mtu, muuguzi alisema, "Nisamehe."

Mlinzi alifumbua macho. Hakuweza kujibu, ulimi wake ulikuwa umekandamizwa kwa chuma. Hapo muuguzi akatambua kwamba alikuwa ameichagua saa hiyo kwa makusudi, saa ambayo mwenye haki ya kukataa hakuwa na mdomo.

Alimaliza. Akatoa vyombo vyote, akavua glavu, akarudi nyuma hatua moja, akaiweka mikono yake mahali inapoonekana.

"Nimesema vibaya," alisema. "Nasema tena, sasa unaweza kunijibu. Nakuomba unisamehe."

Mlinzi alikaa wima. Alifungua mdomo kidogo, akaufunga. Akaufungua zaidi, akashika taya, akalisogeza kushoto na kulia kama mtu anayejaribu mlango wa nyumba yake baada ya safari. Mkewe alikuwa ameshamshikia shati lake la juu, tayari kuondoka.

"Mdomo nimefunguliwa sasa hivi, Sista," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko muuguzi alivyoikumbuka. "Acha kwanza nile."